Kusaidia Makao ya Wanyama: Ushirika Unaweza Kujitolea kwa Kazi Gani?



Mwezi huu tunaacha kidogo mahindi na mbolea. Tutazungumza juu ya kujitolea, ile kazi mtu anayofanya bila kulipwa, na tena kwa wanyama ambao hawamo katika mabanda yetu. Tunajua kuna atakayesema: "Sasa shiye bantu ba shamba, mambo ya makako itatufaa nini?" Vumilia, papa. Mbuzi na nguruwe wako watafika ndani ya somo hili kabla halijaisha.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Msimu wa mvua uliopita tulikuwa tunarudi kutoka mkutano wa ushirika mmoja wa mboga, upande wa barabara ya Kasenga. Mama mmoja, mwanachama mzuri, analipa mchango wake bila kukumbushwa, alituita nyuma ya nyumba. Ndani ya ndoo, chini ya kitenge, alikuwamo mtoto wa kima. Mdogo sana. Kamba ya kiunoni ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyama.

"Sikumuuza juu ya kucheza naye," alituambia. "Kijana alimubeba ku barabara, jua kali, kamba inamukata. Nilimuonea huruma, njo maana nilitoa pesa." (Kwa msomaji wa mbali: kwetu Lubumbashi kuuza ni kununua, na kuuzisha ndiyo kuuza. Tusije tukamgeuza mama kuwa mchuuzi.)

Na sisi tulifanya nini? Tuseme kweli. Mmoja wetu alimpakata yule kima, mwingine akampiga picha, akaituma kwa marafiki kwenye simu. Mama akampa maziwa ya unga. Siku ya tatu kima alikufa. Juma lililofuata kijana yule yule alisimama mahali pale pale, safari hii akiwa na wawili.

Hapo ndipo tulielewa kwamba huruma ya mama ilikuwa soko, na picha yetu ilikuwa tangazo la biashara. Tulianza kuuliza watu wanaojua kazi hii, na kusoma, ili tupate kujua mtu mwenye moyo mwema afanye nini badala yake.

Makao yaliyo hapa kwetu

Lubumbashi tuko na makao ya wanyama ambayo yanajulikana ng'ambo kuliko tunavyoyajua sisi wenyewe. Yanaitwa J.A.C.K., herufi za kwanza za maneno ya Kifaransa Jeunes Animaux Confisqués au Katanga, yaani wanyama wadogo walionyang'anywa Katanga. Franck na Roxane Chantereau waliyaanzisha mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa sokwe-mtu, ambao wengi wetu tunawaita shimpanze, waliokutwa mikononi mwa wachuuzi. Baadaye yakapokea na kima wa aina nyingi. Mwaka 2021 yalipokea kima 25 waliorudishwa kwa ndege kutoka Zimbabwe. Walikuwa wametolewa nchini mwetu kwa magendo, wakapitishwa Zambia, wakakamatwa Zimbabwe mwaka 2020.

Shimpanze si wa misitu ya hapa. Miombo yetu ya Lubumbashi haiko kwao. Wanaishi kaskazini, upande wa Tanganyika, Maniema na Kivu. Wanaletwa huku kwa sababu barabara iko huku: Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, halafu viwanja vya ndege vya mbali. Njia ile ile inayotuletea unga na kupeleka mukuba inapitisha pia vikapu vyenye matundu.

Na kila kikapu kiko na hesabu yake. Mtoto wa shimpanze ananyonya mpaka miaka 4 au 5, na mama yake hamtoi kwa mtu. Ili kumpata, wawindaji wanamuua mama, na mara nyingi wanaua na wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Shimpanze jike anazaa mara moja tu kila miaka 5 hivi. Mfugaji anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe: kama mbuzi wako wangezaa hivyo, na mwizi akawa anakuja kila mwaka, zizi lingebaki na nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba 2022, watu waliingia J.A.C.K. wakaiba watoto 3 wa shimpanze: César, Hussein na Monga. Halafu wakatuma picha ya Monga akiwa amefungwa mikono juu ya kichwa, wakaomba pesa nyingi, wakatishia pia familia ya wenye makao. Habari ilizunguka dunia, kwa sababu haikuwa imesikika bado mtoto wa shimpanze kuibwa katika makao ili alipiwe fidia. Wenye makao walikataa kulipa. Walisema kwamba wakilipa leo, wezi watarudi baada ya miezi michache, na hakuna mwenye kuhakikisha kwamba watoto watarudishwa.

Tunaomba msome tena sentensi hiyo. Watu hao walikuwa wamewalea wale watoto kwa chupa na kuwapa majina. Pesa ya kimataifa labda ingepatikana. Lakini walihesabu na wale ambao wangeibwa kesho. Mama wa barabara ya Kasenga alitoa noti chache tu, na kwa moyo safi, lakini hesabu ni ile ile.

Kujitolea si kushika

Mtu akisikia makao ya watoto wa wanyama, wazo la kwanza ni kuwabeba. Hata sisi tulianza hivyo. Kumbe kazi hiyo ndiyo wasiyopewa wageni, na kuna sababu.

Ya kwanza ni magonjwa. Shimpanze ni ndugu wa karibu wa mtu kwa mwili, hivyo mafua yetu ni mafua yake, ila yeye yanaweza kumuua. Kikohozi kidogo ulichopuuza asubuhi, kwake kinaweza kuwa kifua cha kumzika. Ndiyo maana makao mazuri yanamwomba mtu wa kujitolea karatasi za chanjo na za kupimwa kifua kikuu, yanamvalisha barakoa, yanamkataza kuja akiwa na homa. Njia hiyo inapitwa pande mbili. Kuna magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuja kwetu: kichaa cha mbwa, minyoo, na mpox, ambayo tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa hatari ya dunia nzima, nchi yetu ikiwa ya kwanza kwa wagonjwa.

Ya pili inaumiza zaidi. Mtoto aliyeona mama yake akiuawa anashikamana na yeyote anayemkumbatia. Ukimkumbatia wiki tatu halafu urudi kwako, umemfanya yatima mara ya pili. Kule Kinshasa, kwenye makao ya Lola ya Bonobo aliyoyaanzisha Claudine André, watoto wa bonobo wanalelewa na mama walezi, wanawake wa Kikongo walioajiriwa kwa kazi hiyo, na mama huyo anabaki naye mpaka aweze kuingia kati ya wenzake. Hiyo ni kazi ya mshahara, tena ngumu. Sisi tunaona vibaya pale mtu wa kujitolea anapochukua nafasi ya mfanyakazi anayelisha familia kwa kazi hiyo. Ukienda kusaidia, uliza kwanza: kazi hii ilikuwa ya nani?

Na ya tatu: shimpanze anakua. Yule mtoto wa kucheza naye, akifika umri wa kubalehe, anakuwa na nguvu kuliko mwanaume na meno ya kukata vidole. Anaweza kuishi miaka 50. Anayemchukua nyumbani akiwa mdogo, siku moja anajikuta na mnyama mkubwa ndani ya sanduku la mabati, wote wawili wanaogopana.

Basi kazi ya kujitolea ni ipi? Kuosha. Kukata matunda. Kubeba kuni na maji, kufyeka nyasi chini ya uzio, maana waya wa umeme ukiguswa na majani unapoteza nguvu. Kukata matawi mabichi kila siku, kwa sababu shimpanze anajitengenezea kitanda kipya kila jioni, na kima anataka kutafuna majani mchana kutwa. Kuficha karanga ndani ya vipande vya mianzi ili mnyama ahangaike kuzitoa, kwani mnyama aliyefungwa bila kazi anaanza kujing'oa manyoya. Unaweza kufanya hayo yote mwaka mzima na usiguse mnyama hata mara moja.

Mkono wa mkulima

Sasa angalieni hiyo orodha. Matunda, matawi, nyasi, uzio, kubeba. Hakuna mtaalamu wa ng'ambo anayeijua kazi hiyo kuliko mwanaushirika wa Kipushi au wa Kasenga.

Si wazo la ajabu. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Chingola nchini Zambia, kuna makao ya Chimfunshi yenye shimpanze zaidi ya 100. Wenyewe, David na Sheila Siddle, walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1983 askari wa wanyamapori aliwaletea mtoto mmoja wa shimpanze mwenye majeraha, wakamtibu kama walivyozoea kutibu ndama, wakamwita Pal. Wengine wakafuata, na wengi wao walikuwa wametoka kwetu Kongo. Makao makubwa vile yalianza kwa ujuzi wa zizi.

Ushirika ukitaka kusaidia, uanze kwa kuuliza. Msifike mlangoni na lori la makabichi ambayo hakuna aliyeyaomba. Tumeni watu wawili, waulize makao yanakosa nini, katika miezi gani. Kwa kawaida mahali pa namna hii panapata matunda mengi wakati wa maembe, ambapo kila mtu analeta maembe, halafu mwezi wa saba na wa nane, baridi na ukavu, hakuna kitu. Magunia mawili ya viazi vitamu mwezi wa nane yanashinda gari zima la maembe mwezi wa kumi na mbili.

Kuna mambo ya shamba ambayo lazima tuyaseme wazi, kwa sababu chakula cha bure kinaweza kuwa sumu. Mboga iliyopulizwa dawa isitoke shambani kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Na kama chupa haina karatasi, mboga hiyo isiende kwa mnyama, na tuseme kweli, isiende na sokoni. Karanga na mahindi yenye ukungu wa kijani au mweusi yasipelekwe. Tumesikia watu wakisema "ni ya nyama tu", lakini sumu ya ukungu inaharibu ini la kima sawasawa na la mtoto wako. Mihogo michungu mibichi ni hapana kabisa. Avoka ni tamu kwa bukari na samaki, ila inaweza kuua kasuku, na majani yake yanadhuru mbuzi. Kinachofaa karibu siku zote ni majani ya viazi vitamu, mabua ya mahindi mabichi, miwa, papai, mapera, maboga, na matunda yetu ya porini, masuku na mpundu, pale mvua inapoyaleta.

Kuhusu matawi: kata yale ya kupunguza kwenye miti ya shamba lako, au yale ya kusafisha mpaka wa shamba. Msitu unaozunguka mji umekwisha kwa makala. Haitakuwa na maana kumlisha mnyama aliyeokolewa kwa kumaliza msitu uliobaki.

Halafu kuna habari ya pesa. Petroli ya kupeleka gunia inatoka wapi? Jambo hili liamuliwe na mkutano wote, liandikwe kwenye daftari, prezida asiamue peke yake kwa sababu wageni walimpiga picha. Ni heri siku moja kila mwezi, watu wanne, mwaka mzima, kuliko watu arobaini siku moja wakiimba halafu wasionekane tena.

Siku kijana anapokuja na ndoo

Kwa maoni yetu msaada mkubwa wa ushirika uko hapa, na haudai petroli. Vijiji vyetu viko juu ya barabara. Sisi ndio tunaoona kikapu kinapita.

Msilipe. Hata kidogo, hata kama kamba inamkata. Tunajua ni neno gumu, tulikuwa pale, tulimwona. Lakini anayelipa anaagiza mwingine. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi maumbile ya asili inamlinda mnyama wa namna hiyo, na shimpanze amelindwa kabisa: kumkamata, kumfuga na kumuuza ni kosa, hata kama ulimnunua kwa huruma. Msimpige kijana wala msimfukuze kwa mawe. Naye anatafuta bukari, na mwenye biashara hasa hasimami barabarani. Shikeni saa, mahali, upande aliokwenda, kama kuna gari namba yake. Mpelekeeni habari mkuu wa kijiji na ofisi ya ICCN au ya mazingira iliyo karibu, mkiwa wawili au watatu, asiende mtu mmoja peke yake. Komite iandike mapema kwenye ukuta wa depo namba za simu za ofisi hizo, maana siku ya jambo hakuna anayezikumbuka.

Msipige picha ya kutuma kwa marafiki. Ikiwa ofisi inaitaka picha kwa ushahidi, iende kwa ofisi tu.

Na kama mnyama ameshaachwa mikononi mwenu? Mtafutieni sanduku lenye matundu, giza kidogo, mahali pa kimya mbali na watoto, mbwa na kuku. Wekeni maji. Ahudumiwe na mtu mmoja tu, amefunika mdomo na pua, ananawa kabla na baada. Msimlazimishe kunywa maziwa. Mtoto dhaifu yanamwingia mapafuni, na tunadhani ndivyo alivyokufa yule wa kwenye ndoo. Msimwachilie porini mkidhani mnamrudisha kwao: hana kundi, hatafika jioni. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa habari ya chanjo ya kichaa. Hapana majivu, hapana dawa ya kupaka kwanza.

Na banda letu

Tuliahidi nguruwe. Makao ya wanyama, mgeni akifika, hayamwingizi kati ya wengine. Anakaa peke yake wiki nyingi, mara nyingine hata miezi 3, ana chombo chake cha maji, mtu wa kumhudumia anaanza kwa wenyeji wazima na kumaliza kwa mgeni, hafanyi kinyume. Viatu vinabadilishwa mlangoni.

Je, sisi tunafanyaje? Mbuzi ananunuliwa sokoni asubuhi, jioni analala na kundi. Halafu baada ya wiki mbili kundi zima linaharisha na kutoka makamasi, tunasema ni uchawi wa jirani. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na banda linaweza kuisha ndani ya siku chache. Kibanda cha miti na nyasi, mbali kidogo, upande ambao upepo na maji ya mvua havielekei kundini, hakigharimu kitu. Mbuzi au nguruwe mpya akae humo siku 30, kuku siku 21. Apewe maji kwa ndoo yake. Ahudumiwe wa mwisho. Wanachama wawili wakienda siku moja kusaidia kwenye makao wakaona jambo hili kwa macho, watalifanya nyumbani haraka kuliko tungeliandika katika barua kumi.

Kwa mkutano wa kikundi

Mtakapokutana, someni sehemu ya kijana na ndoo kwa sauti, halafu mzungumze. Katika kijiji chenu wanyama wa porini wanaouzwa wanapita njia gani, na miezi gani? Ni nani kati yenu aliwahi kununua mmoja kwa huruma, na alifikia wapi? Asichekwe, sisi tumeeleza ya kwetu. Mwezi wa nane shamba la ushirika linabaki na chakula gani ambacho hakiuziki lakini kizima? Na kibanda cha wageni kitajengwa kwa nani kwanza?

Yule mama wa barabara ya Kasenga ametuomba tuandike kwamba ndoo ile sasa ni ya kumwagilia lengalenga, na kwamba kijana akipita anamwita kwa jina, anampa maji ya kunywa, anamuuliza habari za nyumbani kwao. Kwa sasa anabeba masuku.